Huyu Mwenye Miwani Kafanya Nini?

Mpwa wangu ana miaka tisa na hawezi kusoma bila kutafuna kitu. Juzi nilimletea kitabu cha katuni za The Beano nilichokipata kwa muuza vitabu vya mitumba, jalada limelegea, na mtoto fulani wa Uingereza ameshazipaka kalamu kurasa za mwisho. Alicheka. Akafunua, akacheka tena. Kisha akanyamaza, akarudi kurasa mbili nyuma kama mtu aliyedondosha kitu njiani, akaniuliza: "Anko, kwani huyu mwenye miwani kafanya nini?"

Nikatazama. Mwenye miwani ni Walter, mtoto nadhifu wa tai ya kipepeo, na jibu la kweli ni kwamba hakufanya kitu. Alikuwa anapita. Dennis, yule wa fulana ya mistari myekundu na myeusi, alimwona, basi.

The Beano ni gazeti la katuni linalotoka Dundee, Uskoti, tangu Julai 1938. Dennis aliingia humo Machi 1951, na wiki hiyohiyo, upande wa pili wa bahari, Mmarekani Hank Ketcham alianza kuchora mtoto mtundu mwingine mwenye jina hilohilo, bila mmoja kujua habari za mwenzake. Ni kama majina ya watundu yaligawiwa siku moja. Huyu wa Uskoti ndiye aliyekuwa mkali zaidi: manati mfukoni, mbwa wake Gnasher mguuni kuanzia 1968, na rafiki zake Curly na Pie-Face nyuma yake.

Wazazi wengi wanaozikataa katuni za namna hii husema neno moja: mtoto ataiga. Ni hofu ya zamani. Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham aliwaaminisha Wamarekani kwamba vitabu vya katuni vinazalisha wahalifu. Seneti ikafanya vikao, na kabla ya mwaka kuisha wachapishaji wakajitungia kanuni za kujidhibiti wenyewe. Miaka mingi baadaye mtafiti Carol Tilley alipofungua makabrasha ya Wertham aliona kuwa daktari alikuwa ameyachezea maelezo ya watoto, mengine kayapunguza, mengine kayachanganya. Kwa hiyo ushahidi ule ulikuwa mbovu. Lakini shahidi mwongo hamsafishi mshtakiwa, na mimi sidhani kesi ya katuni imekwisha. Nadhani ilifunguliwa kwa shtaka lisilo lake.

Maana utetezi wa utundu ni mzito, na Kiswahili chenyewe kinautetea. Mtundu kwetu ni mtoto anayevunja glasi, na pia ni fundi anayefufua redio iliyokufa kwa waya na bati. Mzazi husema "huyu mtoto mtundu" huku uso umekunjwa na mdomo unacheka. Ndiyo maana tulilelewa na sungura, ambaye angekuwa mtoto wa jirani tungemfungia mlango. Abunuwasi naye alimwambia jirani yake kwamba sufuria aliyoiazima imezaa, na jirani akaupokea mtoto wa sufuria bila kuuliza swali. Sufuria ilipokuja "kufa", alaumiwe nani? Ukichunguza hadithi hizo utaona kwamba anayetapeliwa ama ana nguvu kuliko mtapeli, kama simba au sultani, ama ameponzwa na tamaa yake.

Urafiki wa utotoni nao una deni kwa utundu. Rafiki wa kwanza wa mtu mara nyingi ni yule aliyekuwapo embe lilipoangushwa na mwenye mwembe akatoka. Kundi la wanafunzi wa Bash Street, ambalo Leo Baxendale alianza kulichora katika The Beano mwaka 1954, limejengwa juu ya jambo hilo. Watoto wale hawafanani kwa lolote, wengine wanachukiza kidogo, ila wana adui mmoja, mwalimu ambaye hana hata jina, anaitwa Mwalimu tu. Wanakosea pamoja na wanakamatwa pamoja. Mtoto akisoma hapo anajifunza kutomchoma mwenzake kwa mkubwa. Wapo walimu watakaosema hilo ndilo wasilolitaka. Sawa, lakini wamuulize mtoto yeyote rafiki ni nani, wasikilize jibu.

Hapo huja hoja ya adhabu: utundu hauna neno mradi mwisho mtoto apate haki yake. Wajerumani walilifikisha mbali jambo hili. Mwaka 1865 Wilhelm Busch alichora vijana wawili, Max na Moritz, wanaofanya vituko saba. Wanaanza na kuku wa mjane na wanaishia kwenye jiwe la kusagia, wakasagwa na kuliwa na bata. Ndugu zao wa Kimarekani, waliochorwa na Rudolph Dirks kuanzia 1897, walikuwa wakitandikwa tu. Dennis naye kwa miaka mingi alimalizia ukurasa magotini pa baba yake, akichapwa sapatu, mpaka miaka ya 1980 wahariri walipoiondoa. Ni muongo huohuo Uingereza ilipopiga marufuku kiboko katika shule za serikali.

Nakiri msomaji wa kwetu anaiona sapatu ile kwa jicho jingine. Kenya ilifuta viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania kanuni bado zinaviruhusu. Kwa mtoto anayezijua bakora, picha ya mwisho ya Dennis si kichekesho cha kale. Lakini pia sikubali kwamba sapatu ilikuwa fundisho. Ilikuwa tiketi. Msanii alilipa adhabu kwenye kisanduku cha mwisho ili apate ruhusa ya kufurahia visanduku kumi vya mwanzo, na kila wiki Dennis alirudi mzima, bila kovu wala toba. Watoto wanaijua biashara hiyo vizuri sana. Sapatu ilipoondoka hakikupotea kitu cha malezi. Kilichobaki ukurasani, na ambacho sapatu ilikuwa inatuzuia kukiona, ni Walter.

Walter aliwekwa pale kama kioo cha Dennis. Anapenda maua, anapenda vitabu, ana mbwa mdogo wa manyoya ya kutengenezwa saluni, na kwa miongo alijulikana kwa jina la dhihaka la mtoto laini. Mchoro unampanga msomaji: simama huku, ucheke kule. Hapa ndipo shtaka la haki lilipo. Siogopi mtoto aige manati. Nahofia kwamba mtoto mpole, msomaji, yaani hasa yule atakayekinunua kitabu, akifika ukurasa huo anakuta ni yeye anayechekwa. Na mtoto mwingine, asiye mkorofi kwa asili, anafundishwa kwa kicheko kwamba kuna watoto ambao kuwapo kwao tu ni kosa. Kiswahili kina neno kwa hilo, na si utundu. Ni uonevu.

Wahariri walilisikia shtaka hili, na tiba yao inanivutia kwa sababu hawakumwondoa Walter wala hawakumtuliza Dennis. Walimpandisha Walter cheo. Siku hizi ni mtoto wa meya, mwenye pesa na kiburi, na hila zake zinaungwa mkono na baba mwenye madaraka. Ghafla dhihaka ileile ya Dennis inarushwa kuelekea juu, kama ya sungura kwa simba. Mwaka 2018 gazeti lilimwandikia mwanasiasa tajiri wa Uingereza Jacob Rees-Mogg barua ya mzaha likimtaka aache kumuiga Walter. Miaka ya 1950 mzaha huo usingeeleweka, maana Walter wa wakati huo hakuwa na mamlaka hata ya kuchagua njia ya kwenda nyumbani. Hata hivyo tiba haikuponya kila kidonda. Mwenye tai na miwani bado ndiye mbaya wetu, na mtoto wa aina yake bado hajapata nafasi ya kuwa rafiki.

Ndiyo sababu nikampa mpwa wangu kitabu kingine cha katuni, Akissi, na hapa sijifanyi sina upande. Marguerite Abouet alizaliwa Abidjan, Kodivaa, mwaka 1971, akahamia Ufaransa akiwa na miaka 12, na kuanzia 2010 amekuwa akitoa visa vya binti huyu wa mtaa wa Yopougon, vikichorwa na Mathieu Sapin. Akissi ni mtundu kupita kiasi. Anamganda kaka yake Fofana asiyetaka kuonekana naye, anafuga kima aitwaye Boubou anayenusurika kuwa kitoweo, anabeba samaki na paka wa mtaa mzima wanamwandama. Lakini gharama ya utundu wake huangukia mwilini mwake: minyoo ni yake, plasta ni yake. Rafiki zake wanamcheka, kesho wako mlangoni.

Nimewahi kusikia lawama kwamba minyoo na kima katika kitabu kinachochapishwa Paris ni kumpa mtoto wa Kizungu Afrika anayoitarajia. Lawama hiyo siidharau. Ila mpwa wangu, aliyekunywa dawa ya minyoo shuleni akiwa kwenye foleni na darasa zima, alicheka kicheko cha mtu aliyetajwa jina.

Kinachonisumbua zaidi ni vitabu vya picha anavyopewa bure, vile vya miradi. Watoto wa humo wananawa mikono, wanagawana penseli, na wakikutana njiani wanakumbushana kuhusu chandarua. Ujumbe ni mzuri na chandarua ni muhimu. Lakini hawagombani, hawaitani majina, hakuna mmoja anayemsingizia mwenzake kisha akaona haya. Nilimuuliza mpwa wangu wale wawili kwenye jalada ni marafiki au vipi. Akawatazama kidogo.

"Labda wanasoma darasa moja," akasema.

Mwaka 2021 The Beano ilimbadilisha jina mtoto wa Bash Street aliyekuwa akiitwa kwa unene wake. Sasa ni Freddy. Nilimsimulia hilo nikidhani atafurahi. Darasani kwao wana Bonge, na Bonge ndiye anayemtunzia kiti kwenye basi la shule. Alifikiri, akafuta vidole kwenye sketi. "Sasa wao walimuuliza?" Sikuwa na jibu, na yeye alikuwa ameshafunua ukurasa.