Mwalimu wa Muziki Aliyekataa "Karibu Sawa"

Ukitaja mwalimu mkali, wengi hufikiria fimbo na matusi. Mwalimu wetu wa muziki hakuwa na hayo mawili, na bado kwaya nzima tulikuwa tunamwogopa. Tulimpenda pia, tena sana.

Vita vyake vikubwa na sisi vilikuwa vya kushuka. Kwaya ikiimba bila kinanda huwa inazama polepole chini ya nota inazopaswa kuimba: pumzi zinapungua, nota inayorudiwarudiwa inalegea, na kila mahali wimbo unaposhuka ngazi, waimbaji wanashuka kuzidi kipimo. Ubaya wake ni kwamba sauti zote nne zinazama pamoja. Soprano wa juu kabisa anamsikiliza alto aliye chini yake, besi wa chini kabisa anamsikiliza teno aliye juu yake, wote wanapatana, na hakuna anayeona kasoro. Tukimaliza ubeti tukiwa tumejaa tabasamu, mwalimu anabonyeza nota moja tu kwenye kinanda, ile tuliyopaswa kuishia. Tuko chini karibu nusu toni, yaani hatua moja ya kinanda. "Tena. Tangu mwanzo."

Ukiniuliza, hilo ndilo somo kubwa kuliko yote niliyopata shuleni, hata nikiihesabu hisabati. Watu wanaopatana sana wanaweza kupotea pamoja kwa furaha kabisa. Kazini, mkutano ukikubaliana haraka kupita kiasi, natafuta mtu wa nje atubonyezee ile nota.

Kuchelewa hakukuvumilia, na hapo sina la kuongeza.

Pumzi nayo aliigawa kama mtunza ghala. Kwenye nota ndefu kila mtu alijua anavuta wapi, na jirani yake haruhusiwi kuvuta hapo hapo, ili msikilizaji asisikie pengo. Tulinung'unika, maana kila mtu anataka kupumua pale penye mkato.

Kinachoniudhi ni walimu wanaodhani ukali ni kumdhalilisha mwanafunzi. Mwalimu mkali wa kweli anakusikia wewe mwenyewe. Nadia Boulanger, mwalimu wa muziki Mfaransa aliyeogopwa na wanafunzi wake, ndiye aliyemwambia Astor Piazzolla, mtunzi wa muziki kutoka Argentina aliyemfuata Paris mwaka 1954 na mafaili ya muziki wa kiklasiki, kwamba Piazzolla halisi yuko kwenye tango, muziki wa dansi wa kwao. Bila sikio la namna hiyo, ukali unabaki kelele.

Wetu alikuwa nalo. Mwenzetu mmoja wa alto sauti yake ilipoanza kuvunjika, wengine tulishaanza kucheka. Mwalimu hakumsimamisha aimbe peke yake. Mazoezi yaliyofuata tulimkuta amekaa upande wa teno, ana karatasi ambayo nota zisizofikika zimezungushiwa penseli, na maagizo kwamba hizo azinyamazie. Zilizobaki alidaiwa kama sisi wengine, na akikosea alirudishwa mwanzo kama sisi wengine. Siku hizi anaimba besi, na ana sauti nzito hasa.