Paa la asbesto halivunjwi kwa nyundo

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, nyumba nyingi za zamani zimebomolewa kupisha majengo mapya. Baadhi ziliezekwa kwa yale mabati mazito ya kijivu ya saruji na asbesto, madini yenye nyuzi nyembamba sana. Kinachoumiza ni yanakoishia: yanaangushwa kwa nyundo, yaliyopona yanauzwa yakaezeke jiko la nje au banda la kuku, vipande vinamwagwa korongoni watoto wanakochezea. Kwa maoni yangu, kuuza bati la asbesto lililotumika ni kumuuzia mwenzio ugonjwa, na kukomeshwe.

Bati likiwa zima juu ya kenchi halina hatari kubwa. Asbesto ndani yake kwa kawaida ni kama asilimia 10 hadi 15, na saruji ndiyo inayozishika nyuzi zake. Ukilivunja, ukilikata kwa grinda au ukilisugua kwa brashi ya waya, nyuzi hizo zinaachiwa. Hazionekani kwa macho, na upepo wetu wa kiangazi unazipeleka hadi kwa jirani. Zikizama kwenye mapafu mwili hauwezi kuziondoa. Miaka 20, 30 hata 40 baadaye huweza kuleta saratani ya mapafu, au mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu. Kwa mvuta sigara, hatari ya saratani ya mapafu hupanda maradufu na zaidi. Wala usiseme wewe si fundi. Mwaka 1960 mtafiti Wagner na wenzake walieleza wagonjwa 33 wa mesothelioma huko Afrika Kusini, na wengi wao hawakuwahi kuchimba asbesto. Waliishi tu jirani na migodi. Wapo pia wake waliougua kwa kufua nguo za kazi za waume zao.

Kama paa lazima lishuke, lisubiri siku isiyo na upepo. Ondoa watu na mifugo. Lilowanishe kwa bomba la mgongoni la kupulizia dawa shambani, maji yakiwa na sabuni ya maji kidogo. Usitumie mpira wa maji wenye presha kubwa, unachimbua nyuzi. Usikanyage bati lenyewe, linapasuka ghafla na mtu anaanguka. Weka ubao juu ya kenchi. Fungua au kata bolti, usilivute kwa nguvu, kisha lishushwe mkono kwa mkono. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haisaidii hapa, inatakiwa FFP3, barakoa ya kuchuja vumbi laini sana, inayobana uso, na ndevu zinyolewe la sivyo hewa inapita pembeni. Funga mabati kwa nailoni nzito mara mbili, andika ASBESTO. Usifagie pakavu: futa kwa kitambaa kibichi, nacho kifungwe humo humo. Ovaroli ibaki palepale, isiende nyumbani.

Mahali pa kuyatupa uliza kabla hujapanda juu. Hizi ni taka hatarishi, kwa hiyo anza na ofisi ya NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) Kanda ya Kati na idara ya mazingira ya Jiji.

Wengi huhofia zaidi maji ya mvua yanayokingwa kutoka paa hilo. Shirika la Afya Duniani halijaona ushahidi thabiti kwamba asbesto inayomezwa kwenye maji inadhuru. Tope la kwenye mfereji wa paa ndilo la kuangaliwa: lizolewe likiwa bichi, kwa sababu likikauka linakuwa vumbi.