Mtoto Aliyehamahama Shule Akifaulu, Nani Amembeba?

Kila NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, inapotangaza matokeo, hazikosekani habari za mtoto aliyepitia mengi: wazazi waliachana, akalelewa na shangazi, kisha na bibi, akasoma shule tatu au nne, na bado akapata daraja la kwanza. Tunasambaziana habari hizo kwa furaha, nami hufurahi kama wengine. Kinachonisumbua ni neno linalofuata baada ya pongezi: kwamba mtoto mwenye akili na bidii hufaulu popote, kwa hiyo wazazi wasihangaike sana na suala la kumhamisha.

Wanaosema hivyo wana hoja, tena nzito. Mfano wao mkubwa ni Barack Obama. Baba yake Mkenya na mama yake Mmarekani walitalikiana mwaka 1964, yeye hajatimiza hata miaka mitatu. Mwaka 1967 alihamia Jakarta na mama yake, aliyekuwa ameolewa tena na Mwindonesia. Huko alisoma shule mbili, moja ya Kikatoliki na nyingine ya serikali, kwa lugha iliyombidi aizoee akiwa darasani. Alipofika miaka 10 akarudishwa Honolulu kwa babu na bibi. Mtoto huyo alikuja kusomea sheria Harvard, na mwaka 2008 akachaguliwa kuwa rais.

Tena wapo watoto ambao kuhama kuliwaokoa. Mtoto anayekesha akisikiliza mama yake akipigwa hawezi kuzingatia masomo asubuhi, hata shule iwe nzuri kiasi gani. Kumbakiza pale ati asikatishe muhula ni kumtesa. Kwa mtoto wa namna hiyo, shule mpya kijijini kwa bibi, yenye madawati machache, ndiyo nafasi yake ya kwanza ya kusoma kwa utulivu.

Lakini tuurudie mfano wa Obama, kwa kuwa husimuliwa nusu. Alipokuwa Jakarta, mama yake alikuwa akimwamsha saa kumi alfajiri, siku tano kwa wiki, amfundishe Kiingereza kabla hajaenda shule. Na aliporudi Honolulu mwaka 1971, aliingia shule ya Punahou na kubaki hapo hapo mpaka alipomaliza mwaka 1979. Miaka minane, shule moja. Baba hakuwepo, na mama kwa muda mrefu alikuwa Indonesia, lakini babu na bibi walikuwepo. Bidii yake ilikuwa na mahali pa kusimama.

Watoto wetu wengi hawapati mahali hapo, na hasara yao haionekani haraka. Muhtasari wa somo ni mmoja nchi nzima, lakini kila mwalimu ana azimio lake la kazi, yaani mpango wa mada zipi afundishe lini, na kasi yake. Namjua binti aliyehamishwa kutoka Mwanza kwenda Tanga katikati ya mwaka, akiwa darasa la tano. Alikotoka walikuwa hawajaanza hesabu za sehemu, zile za nusu na robo. Alikofika walikwisha kuzimaliza. Hakuna aliyemfundisha sehemu, na hakuna aliyejua kwamba hakufundishwa. Zilipokuja asilimia, akaanza kukosa, na mwalimu akaandika kwenye ripoti kwamba hisabati ni dhaifu. Mtoto hakuwa dhaifu. Alirukwa na mada moja, na katika hisabati mada moja huangusha tatu zinazofuata.

Kilichomwinua ni bibi yake. Bibi huyo hasomi vizuri, lakini kila jioni aliagiza daftari lifunguliwe mezani, akawa anahesabu vema na kosa. Makosa yalipozidi, alifunga khanga akaenda mwenyewe kumwona mwalimu. Mwalimu akagundua pengo liko wapi, akamfundisha sehemu baada ya saa za kazi.

Hali huwa ngumu zaidi ndoa inapovunjika na ada ikakosekana. Mtoto wa shule ya mchepuo wa Kiingereza anajikuta shule ya serikali inayofundisha kwa Kiswahili. Ada ya huko imefutwa, na huo ni msaada wa kweli, lakini anakaa kimya kwenye somo la sayansi ambalo mwezi uliopita alikuwa akiongoza. Wenzake humwona anajisikia, kumbe anatafuta maneno.

Wapo wanaosema dawa ni bweni: wazazi wagombane, mtoto abaki mahali pamoja. Kwa wa sekondari nakubali kwa kiasi, maana bweni zuri humpa ratiba na marafiki wasiobadilika. Kwa wadogo sikubali, na mwaka 2023 serikali yenyewe ilizuia bweni kuanzia awali hadi darasa la nne. Mtoto wa miaka minane ambaye nyumba yake imevunjika anahitaji mtu wa kumuuliza ameshindaje.

Sheria yetu iliona jambo hili zamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kwamba mtoto chini ya miaka saba ni vema akae na mama yake, lakini inaitaka mahakama izingatie pia ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumbadilishia mlezi. Nami naona shule ni sehemu ya maisha hayo. Wazazi wanapokaa mbele ya ofisa ustawi wa jamii kupanga matunzo, swali la shule lisimame sambamba na la chakula: atasoma wapi, mpaka lini, na nani atafungua daftari jioni.

Pale ambapo hakuna hatari, mtoto asubiri Desemba, mwaka wa masomo uishe. Aliye darasa la saba asiguswe kabla ya mtihani wa Septemba, maana ameshasajiliwa kwenye kituo chake. Anayelazimika kuondoka katikati ya mwaka asiende na barua ya uhamisho tu. Abebe madaftari yote, mwalimu mpya aone mada ya mwisho aliyofika. Na mzazi aliyebaki nyuma aombe namba ya simu ya mwalimu huyo, hata kama hasemezani tena na mwenzake.