Mbuzi wa Akamas: tatizo ni idadi au ni mwezi?

Kila Machi miamba ya rasi ya Akamas, kaskazini-magharibi mwa Saiprasi, huchanua okidi za kila namna na tulipu ya asili ya kisiwa hicho, Tulipa cypria, nyekundu ya damu ya mzee. Na kila Machi lawama humwangukia mbuzi. Hoja ya wanaotaka afukuzwe ina uzito: bua laini likiliwa kabla ya Mei, mbegu za mwaka huo ndiyo basi tena.

Lakini mwondoe kabisa, uone. Vichaka vya lentisko na vya miiba hutanda, na okidi nyingi za huko hazistahimili kivuli. Zile za jenasi ya Ophrys huchavushwa na nyuki dume anayedhani ua ni jike lake, na wengi wa nyuki hao huchimba viota kwenye udongo ulio wazi. Kiangazi kikifika, vichaka hivyo ni kuni za moto. Hata hivyo usifyeke vyote: Curruca melanothorax, ndege mdogo anayezaliana Saiprasi pekee, hujenga tago humo humo.

Kinachosahaulika ni kalenda. Majani ya okidi huchipua na mvua za vuli, na ndiyo yanayojaza kiazi kipya chini ya ardhi, akiba ya ua la mwakani. Bua likiliwa Machi, zimepotea mbegu za msimu mmoja; majani yakikanyagwa Januari, udongo ukiwa tepetepe, huenda mwakani ua lisitoke. Kwa hiyo anayezungusha uzio baada ya kuona maua amechelewa. Uzio, tena wa kuhamishika na kwa vipande vyenye okidi tu, uwekwe Novemba na utolewe mwisho wa Mei. Kuanzia Juni mbuzi aingie, ale nyasi kavu na machipukizi ya vichaka.

Kupima ni rahisi: fremu ya mita moja kwa mita moja, ndani na nje ya uzio, uhesabu mabua yaliyoliwa pamoja na yaliyosimama. Ukikuta asfodeli na kitunguu-bahari vimetawala, mimea ambayo mbuzi huipita bila kuila, malisho yamezidi.

Ugumu ni kwamba miezi ya uzio ndiyo miezi ya maziwa, na halumi, jibini la Saiprasi lililosajiliwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2021, kwa kanuni za usajili wake linadai maziwa ya mbuzi na kondoo yazidi ya ng'ombe. Kumwambia mfugaji asubiri bila kumlipia chakula cha mifugo ni kumwalika aukate waya usiku. Fidia hiyo imfikie kabla ya Novemba, si baada ya msimu.