Quedar, kukaa, na kamusi ya Kiingereza niliyoiweka kando

Katika daftari langu la Kihispania kuna ukurasa niliojaza kitenzi kimoja tu: quedar. Nilipanga maana zake moja chini ya nyingine kama nilivyozikuta kwenye kamusi ya Kihispania na Kiingereza: kubaki, kuwa mahali fulani, kumkaa mtu mwilini, kupanga kukutana, kukubaliana. Nikazikariri zote. Halafu mtu wa Uhispania akaniandikia "¿Quedamos mañana?" nikaelewa kwamba anauliza kama kesho tutabaki. Tubaki wapi? Yeye alitaka kujua kama tuonane. Jibu langu halikumsaidia chochote, na kosa lile liliniuma kwa sababu maana hiyo ilikuwamo kwenye orodha yangu.

Kilichonifumbua macho ni sentensi ya nguo: "Esa camisa te queda bien." Shati hilo limekukaa vizuri. Itazame polepole. Shati ndilo linalotenda, na wewe umo ndani ya kitenzi, kwenye -ku-, ukifanya kazi ileile ya te. Kisha "Me quedan dos días": zimenibakia siku mbili. Me ni -ni-, na siku ndizo zinazobaki, ndiyo maana kitenzi kimekuja kwa wingi, quedan. Anayepitia Kiingereza hufikiria kwanza "mimi nina siku mbili", akajiweka mwenyewe kuwa mtenda, akasema quedo. Sisi muundo huo tumeuzoea tangu utotoni, halafu tunauacha mlangoni tunapoingia darasani!

Hapo ndipo ninapowalaumu wanaotufundisha Kihispania kana kwamba njia ya kukifikia ni Kiingereza peke yake. Kukaa kwetu kunaifuata quedar mbali sana. "Me quedo en casa", nakaa nyumbani. "Se quedó callado", alikaa kimya. Hata "¿Dónde queda la estación?", kituo kiko wapi, tunaijibu bila shida, kwani wapo wanaouliza nyumba fulani imekaa upande gani.

Asili ya neno pia inasaidia. Quedar imetokana na quietare ya Kilatini, kutuliza, na Kihispania bado kina neno quedo, lenye maana ya kimya au tulivu. Tangu nilipolijua hilo, maana zangu tano zimesogeleana. Kilichobaki kimetulia mahali pake. Nguo iliyokukaa imetulia mwilini. Na watu wanapopatana saa ya kukutana, mazungumzo yametulia pale: "Quedamos a las siete." Sentensi hii ina mtego wake, maana quedamos ya sasa na ya wakati uliopita huandikwa sawa. Inaweza kuwa "tukutane saa moja" au "tulipatana saa moja", na ni mazungumzo yenyewe yatakayokuambia ipi. Meksiko utasikia "quedamos de vernos", tulipatana kuonana. Kihusishi de hapo kinastahili kukaririwa pamoja na kitenzi, kama en katika "quedó en venir", aliahidi kuja. Nafikiri tunapoteza muda mwingi kukariri vitenzi vikiwa uchi, bila vihusishi vyake.

Sidai kwamba Kiswahili kinafungua kila mlango. "Me quedé dormido" haina kukaa wala kubaki kwetu. Sisi husema nilipitiwa na usingizi, usingizi ukawa ndio mtenda, wakati Mhispania anajiweka mwenyewe. Na "me quedo con el rojo", anachosema mtu akishachagua chekundu kati ya vingi, ilinisumbua hadi nilipoacha kutafuta neno moja la kuitafsiri. Amevipitia vyote, na moyo wake umetulia kwenye chekundu. Ukurasa ule wa daftari nimeuandika upya, safari hii kwa sentensi nzima, na Kiswahili pembeni.