Msukule wa Mkuranga

Kwa kuwa kuna mtu (anajijua, ndiye aliyeshika kamera) keshawatangazia kwamba nilikimbia uchi, ngoja niseme na mimi. Sikuwa uchi. Bukta ilikuwepo.

Tulikuwa Mkuranga tunapiga filamu yetu ya msukule, na idara ya damu ilikuwa yangu, maana mimi ndiye msomi wa filamu za kutisha zilizopikwa kwa hela ya mboga. Ile Night of the Living Dead ya George Romero, 1968, damu yake ni chokoleti ya maji. Picha haina rangi, nani angejua? Misukule inayotafuna watu mle ilikuwa inakula nyama ya nguruwe ya kuoka, imemwagiwa chokoleti hiyohiyo. Vijana wa The Evil Dead, filamu nyingine ya kutisha iliyopigwa kule Tennessee, Marekani, wao walitumia sharubati ya mahindi. Shati la mwigizaji wao mkuu, Bruce Campbell, lilipokaushwa motoni likavunjika. Halikuchanika, wadau. Likavunjika!

Sisi tulikuwa na sukari na rangi ya keki. Nikachemsha, nikajimwagia, nikajilaza chini ya mkorosho niwe maiti.

Watu wa pwani mshaanza kucheka, nawaona.

Majimoto (wale sisimizi wakali wa kwenye mikorosho) wa kwanza alinipita shingoni polepole, kama anapima kiwanja. Dairekta ananong'ona, "Usipumue, hii shoti tamu." Nikatulia. Wakashuka wenzake. Mmoja akaingia sikioni. Nilikuwa nasikia miguu yake, naapa. Mwingine akasimama kwenye kope, tukatazamana, maana skripti ilitaka maiti mwenye macho wazi. Wa tatu akapenya kwenye bukta. Msiniulize alielekea wapi. Nilimfuatilia kwa hisia tu, hatua kwa hatua, huku namwomba Mungu ageuze njia. Hakugeuza. Akafika. Akauma.

Yowe lile halikuwa kwenye skripti. Nikavua shati huku nakimbia, nikaibukia barabarani mwekundu utosi hadi nyayo, mbele ya bibi mwenye mzigo wa kuni. Mwingine angekimbia. Bibi akatua mzigo, akauangalia, akachagua kuni nene.

Basi, nikapigwa, nikaogeshwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, tukaombana radhi, tukanywa chai.

Romero alipoteza hakimiliki kwa sababu wasambazaji walibadili jina la filamu, tangazo la hakimiliki likaachwa nje. Klipu yangu nayo imeshabadilishwa jina kwenye magrupu: "Msukule Atoroka kwa Mganga". Shangazi yupo Tanga, kaiona kabla yangu. Anataka kujua mganga gani, na kama anarudisha hela.