"Mimi" wa Newton amekwenda wapi?

Mwaka 1672 Isaac Newton alimwandikia Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society ya London, jumuiya ya wanasayansi, barua kuhusu mwanga na rangi. Anasimulia kama mtu aliyekaa barazani: nilijipatia kioo cha pembetatu, nikatia giza chumba changu, nikatoboa kitundu dirishani. Mtafute huyo "mimi" katika makala ya fizikia ya leo. Hayupo, zimebaki nomino zilizobebana mgongoni.

Wanaisimu huyafuatilia mabadiliko haya kwa kongoo, yaani hazina ya matini ambayo kompyuta inaweza kuichambua. Royal Society Corpus, ya Chuo Kikuu cha Saarland, Ujerumani, imezoa majarida ya jumuiya hiyo tangu 1665, mamilioni ya maneno. Coruña Corpus ya Uhispania inakwenda kwa kupima: matini za Kiingereza za 1700 hadi 1900, vipande vya maneno kama 10,000, vimeteuliwa kwa uangalifu katika kila taaluma.

Wingi una faida yake. Hewa ambayo Joseph Priestley aliiita "dephlogisticated air" miaka ya 1770 ndiyo oksijeni yetu, na kuona jina moja likilisukuma jingine nje kunahitaji matini nyingi, si kiganja.

Lakini vitabu vya zamani vina s ndefu inayofanana na f. Kompyuta inasoma "same" ikaandika "fame". S hiyo ilipoachwa mnamo 1800, ghafla "same" inaonekana kuongezeka, na mtafiti asiyejua anatangaza ugunduzi! Watengenezaji wamesahihisha mengi, ila si yote.

Halafu kuna suala la nani amo. Katika jarida la Royal Society, wanawake kama Caroline Herschel, aliyeandika kuhusu nyota yenye mkia (kometi) mwaka 1787, ni wa kuhesabu vidoleni. Coruña imemwingiza Margaret Bryan, mwalimu aliyetoa kitabu cha astronomia mwaka 1797.

Mimi naegemea kongoo dogo, japo hata lenyewe halijibu swali linalonikera. Jarida la mwanzo lilijaa barua, na barua bila "mimi" si barua. Karne mbili baadaye limejaa ripoti. Je, wanasayansi walijifunza kujificha, au barua tu ndiyo iliyokufa? Kwa hiyo nikionyeshwa grafu ya "mimi" ikiporomoka, kwanza nauliza: barua ngapi zilikuwamo kapuni?